Matatizo ya afya ya peperomia

Matatizo ya afya ya peperomia ni magonjwa, mashambulizi ya wadudu na makosa ya matunzo yanayodhoofisha au kuua mimea ya jenasi *Peperomia* inapopandwa katika vyungu ndani ya nyumba. Tatizo linaloua peperomia nyingi zaidi ni kuoza kwa mizizi kunakotokana na maji mengi. Mmea uliooza mizizi hunyauka kama mmea wenye kiu. Kwa hiyo watu wengi huongeza maji pale ambapo wangepaswa kuyapunguza, na mmea ambao ungeweza kuokolewa hufa. Kanuni ya kwanza ya kuutibu ni kuchunguza udongo na mizizi kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

## Mmea wenyewe

*Peperomia* ni jenasi ya familia Piperaceae, yaani familia ya pilipili manga. Ilielezwa na wataalamu wa mimea wa Hispania Hipólito Ruiz na José Antonio Pavón mwaka 1794. Jina lake limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "inayofanana na pilipili". Jenasi hii ina spishi zaidi ya 1,000, na nyingi kati yake zina asili ya misitu ya Amerika ya Kati na Amerika ya Kusini. Spishi chache hupatikana pia Afrika, kwa mfano *Peperomia abyssinica* na *Peperomia tetraphylla* zinazoota katika misitu ya milimani ya Afrika ya Mashariki. *Peperomia pellucida*, yenye asili ya Amerika, imeenea sehemu nyingi za tropiki na huota kama gugu mahali penye kivuli na unyevu.

Spishi zinazopandwa sana nyumbani ni hizi:

* *Peperomia obtusifolia*, yenye majani manene ya mviringo yanayong'aa. Baadhi ya aina zake zina mabaka meupe au ya manjano.
* *Peperomia caperata*, yenye majani yaliyokunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi.
* *Peperomia argyreia*, yenye majani ya mistari ya fedha na kijani yanayofanana na ganda la tikiti maji, na vikonyo vyekundu.
* *Peperomia polybotrya*, yenye majani ya umbo la tone la maji.

Peperomia nyingi huota juu ya matawi ya miti au juu ya mawe, ndani ya tabaka jembamba la kuvumwani na majani yaliyooza. Mahali hapo maji ya mvua hupita haraka na hewa hufika kwenye mizizi. Mizizi yake ni michache na myembamba, na majani ya spishi nyingi huhifadhi maji katika tabaka maalumu chini ya ngozi ya juu ya jani. Kwa umbile hili mmea huvumilia siku kadhaa za ukavu, lakini hauvumilii udongo uliojaa maji. Matatizo mengi yaliyoelezwa hapa chini yanatokana na mmea wa namna hii kutunzwa kama mmea wa bustani wenye mizizi mirefu.

## Namna ya kuchunguza mmea unaougua

Uchunguzi hufuata hatua chache, na kila hatua hupunguza idadi ya sababu zinazowezekana.

1. Udongo. Ingiza kidole kiasi cha sentimita 3, au choma kijiti cha mshikaki hadi chini ya chungu na kukitoa baada ya dakika chache. Kijiti kilichotoka na udongo wa kushikamana kinaonyesha kwamba chini bado kuna unyevu, hata kama juu pamekauka.
2. Uzito wa chungu. Chungu kilichokauka huwa chepesi kinapoinuliwa. Aliyezoea uzito wa chungu chake mara baada ya kumwagilia hugundua tofauti kwa urahisi.
3. Majani. Jani nene la mmea wenye maji ya kutosha huwa gumu. La mmea wenye kiu hukunjika laini kama ngozi. Jani la njano, lenye majimaji na linalodondoka likiguswa huashiria kuoza.
4. Shina. Shina lenye afya ni gumu. Shina jeusi na laini karibu na udongo limeoza.
5. Upande wa chini wa majani na pembe za vikonyo. Hapa ndipo wadudu hujificha.
6. Mizizi. Ikiwa hatua zilizotangulia hazijatoa jibu, mmea hutolewa chunguni. Mizizi yenye afya ni myeupe au ya kahawia hafifu, na ni imara. Iliyooza ni ya kahawia iliyokolea au nyeusi, hutoa harufu mbaya, na ngozi yake huchomoka ikivutwa na kubaki uzi mwembamba.

Kupima mizizi hakuuumizi mmea ukifanyika kwa uangalifu, na ndiyo njia ya hakika ya kutofautisha kiu na kuoza.

## Matatizo ya maji

### Kuoza kwa mizizi na shina

Mizizi huhitaji oksijeni. Udongo ukijaa maji muda mrefu, nafasi za hewa huzibwa, mizizi hukosa pumzi na kuanza kufa. Mizizi iliyodhoofika hushambuliwa kwa urahisi na vimelea vya udongoni kama vile *Pythium* na *Phytophthora*, ambavyo hustawi penye maji mengi, na kuvu ya *Rhizoctonia*. Mizizi ikishakufa, maji hayapandi tena kwenye majani ingawa udongo umelowa. Ndiyo maana mmea hunyauka ukiwa ndani ya maji.

Dalili zake ni kunyauka wakati udongo una unyevu, majani ya chini kuwa ya njano, majani kudondoka mengi kwa pamoja, na shina kuwa jeusi chini. Visababishi vya kawaida ni kumwagilia kwa ratiba bila kupima udongo, chungu kisicho na matundu, maji yaliyosimama katika kisahani au chungu cha urembo cha nje, udongo mzito wa mfinyanzi, na chungu kikubwa mno kuliko mizizi.

Mmea ulioanza kuoza huokolewa hivi:

* Toa mmea chunguni na uondoe udongo wote wa zamani.
* Kata mizizi yote iliyooza kwa mkasi au wembe uliofutwa kwa spiriti.
* Panda upya katika udongo mpya unaopitisha maji, ndani ya chungu safi kinachotosha mizizi iliyobaki tu. Mara nyingi chungu hicho huwa kidogo kuliko cha awali.
* Weka mmea penye mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja, na umwagilie kidogo mpaka uanze kutoa majani mapya.
* Usitie mbolea mpaka hapo, kwa kuwa mizizi michanga huungua kwa urahisi.

Ikiwa shina lenyewe limeoza, mizizi haiwezi kuokolewa. Kinachobaki ni kukata sehemu ya juu iliyo nzima, tena juu ya mahali pote palipobadilika rangi, na kuiotesha upya.

### Kiu

Mmea wenye kiu una majani laini yaliyolegea, udongo mkavu uliojitenga na ukingo wa chungu, na chungu chepesi. Mizizi yake ni mizima. Udongo uliokauka kabisa mara nyingi hukataa maji: hupita pembeni na kutokea chini bila kulowesha mizizi. Tiba ni kukalisha chungu ndani ya beseni lenye maji kwa dakika 20 hadi 30, kisha kukiacha kichuruzike vizuri. Majani hurudi katika hali yake ndani ya siku moja au mbili. Yasiporudi, mizizi ichunguzwe.

### Uvimbe wa maji

Mizizi ikinyonya maji kwa kasi kuliko majani yanavyoyatoa hewani, seli za jani hujaa na kupasuka. Hapo hutokea vivimbe vidogo upande wa chini wa jani, ambavyo baadaye hukauka na kuwa vidonda vya kahawia vilivyo kama gamba la mti. Hali hii hutokea hasa wakati wa mawingu, baridi na unyevunyevu mwingi wa hewa, na *Peperomia obtusifolia* huipata mara nyingi. Si ugonjwa wa kuambukiza. Vidonda vilivyokwisha tokea havifutiki, lakini majani mapya hutoka safi mara maji yakipunguzwa na hewa na mwanga vikiongezwa.

## Matatizo ya mwanga na joto

Peperomia hupendelea mwanga mwingi uliochujwa, kama wa dirisha lenye pazia jepesi. Mwanga ukiwa hafifu mno, shina hurefuka na kuegemea dirishani, majani huwa madogo na ya mbalimbali, na mabaka meupe ya aina zenye rangi mbili hupungua. Mmea ulio gizani pia hutumia maji kidogo, kwa hiyo udongo wake hukaa na unyevu muda mrefu na hatari ya kuoza huongezeka. Mmea unaohamishiwa kwenye mwanga zaidi uzoeshwe taratibu kwa wiki moja au mbili.

Jua kali la moja kwa moja huunguza majani. Madoa ya kuungua ni meupe au ya kahawia hafifu, makavu, na hutokea upande unaotazama jua tu. Hayasambai baada ya mmea kuhamishwa, jambo linaloyatofautisha na madoa ya magonjwa.

Joto linalofaa ni takriban nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi. Chini ya nyuzi 10 majani hupata madoa meusi yenye majimaji na kudondoka. Katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, kama vile Njombe, usiku wa miezi ya Juni hadi Agosti unaweza kushuka chini ya kiwango hicho, kwa hiyo vyungu vilivyo kibarazani au penye kioo cha dirisha huingizwa ndani. Upepo wa kiyoyozi unaopiga mmea moja kwa moja nao husababisha ncha za majani kukauka.

## Mbolea na chumvi

Peperomia hukua polepole na huhitaji mbolea kidogo. Mbolea ya maji iliyopunguzwa hadi nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi wakati mmea unakua, hutosha. Ikizidi, chumvi hujikusanya udongoni: ukoko mweupe huonekana juu ya udongo au ukingoni mwa chungu, na ncha za majani huwa za kahawia. Maji ya visima yenye chumvi huleta tatizo hilohilo. Tiba ni kumwaga maji mengi ya mvua au maji yasiyo na chumvi mpaka yatiririke chini kwa muda, au kubadilisha udongo. Samadi mbichi haifai kwa mimea ya ndani, kwani huunguza mizizi na kuvutia inzi.

Mmea uliokaa miaka mingi katika udongo uleule huweza kukosa naitrojeni. Majani ya zamani huwa ya njano polepole huku udongo na mizizi vikiwa sawa. Dalili hii inafanana na ya maji mengi, na ni sababu nyingine ya kupima udongo kwanza.

## Wadudu

Vidung'ata huonekana kama vipande vidogo vya pamba katika pembe za vikonyo na chini ya majani. Hufyonza utomvu na kutoa majimaji matamu yanayonata. Majimaji hayo huvutia sisimizi na kuotesha ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi wanaopanda na kushuka katika chungu mara nyingi ndio ishara ya kwanza kuonekana. Vidung'ata wengine huishi kwenye mizizi na kuonekana tu mmea unapotolewa chunguni. Wale wa juu huondolewa kwa pamba iliyochovywa katika spiriti, mara moja kwa wiki kwa wiki 3 au 4, kwa sababu mayai huendelea kuanguliwa.

Wadudu-gamba hufanana na vigamba vya kahawia vilivyobandikwa kwenye shina. Hukwanguliwa kwa ukucha au mswaki laini, kisha mmea hufutwa.

Utitiri ni mdogo sana kuonekana kwa macho. Husababisha vitone vingi vya manjano juu ya jani na utando mwembamba kama wa buibui. Hushambulia zaidi wakati hewa ni kavu. Kuosha majani pande zote kwa maji, kisha maji ya sabuni, hupunguza idadi yake.

Vithiripi huacha michirizi ya rangi ya fedha yenye vitone vyeusi vya kinyesi chao. Majani machanga hupinda.

Inzi wadogo weusi wanaoruka chungu kinapoguswa hutaga katika udongo wenye unyevu. Mabuu yao hula mboji inayooza na mizizi midogo. Wapo kwa sababu udongo haukauki, kwa hiyo tiba ni kuacha tabaka la juu likauke kabla ya kumwagilia tena.

Dawa nyepesi ni kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali katika lita moja ya maji, au mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa kama inavyoelekezwa na mtengenezaji. Kwanza ijaribiwe kwenye jani moja na kuachwa siku moja au mbili, kwa kuwa baadhi ya spishi zina majani laini yanayoungua. Hupuliziwa jioni, si juani. Viuatilifu vya shambani havipaswi kupuliziwa ndani ya nyumba, kwani ni hatari kwa watoto, wanyama na mtu anayepulizia. Hakuna mmea wa chungu unaostahili hatari hiyo.

## Magonjwa

Madoa ya *Cercospora* husababishwa na kuvu. Hutokea upande wa chini wa majani kama vitone vyeusi vilivyoinuka, na hufanana sana na uvimbe wa maji. Tofauti ni kwamba ugonjwa huendelea kusambaa kwenye majani mapya na mimea ya jirani hata baada ya maji kupunguzwa.

Madoa ya *Rhizoctonia* ni makubwa, ya kahawia iliyokolea hadi meusi, laini, na wakati mwingine yana miviringo ndani ya miviringo.

Ugonjwa wa *Sclerotium rolfsii* hushambulia shina usawa wa udongo. Nyuzi nyeupe za kuvu hutambaa juu ya udongo, zikiwa na vijipunje vya kahawia mfano wa mbegu za haradali. Mmea na udongo wake hutupwa mbali, na chungu huoshwa vizuri.

Kwa magonjwa ya madoa, majani yaliyoathirika hukatwa na kutupwa, mimea hutenganishwa ili hewa ipite, na maji humwagwa kwenye udongo badala ya juu ya majani.

Virusi vya madoa ya pete huleta miviringo ya manjano au ya kahawia juu ya majani, majani kupinda na mmea kudumaa. *Peperomia obtusifolia* ni miongoni mwa spishi zinazoathirika. Hakuna dawa. Mmea wenye virusi huonekana mzima kwa muda, na kila kipande kinachokatwa kwake kwa ajili ya kuotesha hubeba virusi. Kwa hiyo hauzidishwi wala kutolewa zawadi. Huharibiwa, na vifaa vilivyoukata husafishwa.

## Hali zisizo ugonjwa

Mashuke membamba yaliyosimama kama mikia ya panya ni maua ya peperomia. Ni madogo mno na hayana petali. Yanaweza kukatwa yakinyauka. Jani moja moja la chini kuwa la njano na kudondoka mara chache kwa mwaka ni uzee wa kawaida.

## Muhtasari wa dalili

* Kunyauka, udongo una unyevu: kuoza kwa mizizi. Usimwagilie, angalia mizizi.
* Kunyauka, udongo mkavu: kiu. Lowesha chungu kizima.
* Majani ya chini ya njano, udongo una unyevu: maji mengi.
* Majani ya chini ya njano polepole, mizizi mizima: ukosefu wa mbolea.
* Shina refu lenye majani machache: mwanga hafifu.
* Madoa makavu upande wa dirishani: jua kali.
* Madoa meusi ya majimaji baada ya usiku wa baridi: baridi.
* Vivimbe chini ya majani: uvimbe wa maji, au *Cercospora* vikizidi kusambaa.
* Vipande kama pamba, sisimizi: vidung'ata.
* Miviringo kama pete na majani kupinda: virusi.

## Kinga

Udongo unaofaa ni ule unaopitisha maji haraka, kwa mfano mboji iliyochanganywa na mchanga mkubwa wa mto, chenga za mkaa, au makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kuoshwa kuondoa chumvi. Chungu cha udongo wa kuchoma hukausha haraka kuliko cha plastiki, na chungu chochote lazima kiwe na matundu. Maji hutolewa pale sehemu ya juu ya udongo inapokuwa imekauka, na yaliyobaki katika kisahani humwagwa. Mmea mpya hutengwa na mingine kwa wiki 2 au 3.

Kinga nyingine ni kuwa na mmea wa akiba. *Peperomia caperata* na *Peperomia argyreia* huota kutoka jani moja lenye kikonyo, na *Peperomia obtusifolia* kutoka kipande cha shina chenye majani. Kipande huachwa siku moja jeraha likauke, kisha hupandwa katika udongo mwepesi wenye unyevu kidogo, na hutoa mizizi baada ya wiki kadhaa. Aina zenye mabaka meupe huoteshwa kwa shina, kwa sababu mmea unaotoka katika jani pekee mara nyingi huwa wa kijani kitupu. Hata mmea uliooza chini kabisa unaweza kuendelea kuishi kwa njia hii, mradi kipande kikatwe kabla uozo haujafika juu.